Milimita mbili za gegedu: jinsi ninavyopiga MRI ya goti

Gegedu la goti, lile tabaka nyororo linalofunika ncha za mifupa, lina unene wa milimita mbili hadi nne hivi. Nyuma ya pia ya goti, ambako ni nene kuliko mahali pengine popote mwilini, laweza kufika tano au hata sita. Kifundo cha mguu huambulia moja na ushee. Naanza na namba hizi kwa sababu karibu kila kosa nililowahi kulifanya kwenye mashine ya MRI, ile ipigayo picha kwa sumaku, lilitokana na kuzisahau.

Mimi ni mpiga picha, si daktari. Kazi yangu huishia pale daktari wa radiolojia anapoketi kusoma. Hata hivyo nimeona mara nyingi kwamba picha mbaya haiponi kwa kusomwa na mtu hodari. Nakuandikia wewe uliyehamishwa juzi kutoka eksirei, ukapewa kiti mbele ya skrini yenye vitufe vingi na orodha ya programu ambazo mtu fulani alizipanga zamani kisha akaondoka bila kumwambia yeyote kwa nini alizipanga hivyo.

Unachokipiga

Kule ulikotoka, gegedu halionekani. Eksirei huonyesha pengo kati ya mifupa, na watu hukisia gegedu kwa upana wa pengo. Ni makisio yanayofaa, ila menisko (mto ulio kati ya mifupa ya goti) iliyosukumwa nje ya mahali pake nayo hupunguza pengo, na shimo dogo katikati ya gegedu zima halilipunguzi hata kidogo. Ndiyo maana mgonjwa analetwa kwetu.

Kwa uzito, gegedu ni maji kati ya asilimia 65 na 80. Kinachobaki ni nyuzi za kolajeni, karibu zote za aina ya II, na protioglikani zinazoyashikilia maji yale yasikimbie goti linapobebeshwa mzigo. Seli ni chache. Mishipa ya damu haimo, ya fahamu haimo. Kwa hiyo linapoanza kuchakaa halimwambii mwenyewe, na likishatoboka halijitibu. Mwanaanatomia William Hunter alikwisha kuliandika hilo mwaka 1743, na hadi leo wapasuaji wa mifupa wanahangaika nalo.

Mashine yetu husikiliza protoni za maji. Maji ya kwenye gegedu yamebanwa na kolajeni, hivyo ishara yake hufa upesi: T2 yake, yaani muda wa kufifia, ni milisekunde 30 hadi 60 hivi, fupi zaidi karibu na mfupa, ndefu zaidi karibu na uso. Maji huru yaliyomo ndani ya kiungo huchukua mamia ya milisekunde. Mtaji wetu wote ni tofauti hiyo. Ukiicheza vizuri, maji hutoka meupe, gegedu la kijivu, mfupa mweusi, na kila ufa kwenye gegedu hujaa maji meupe ukajitangaza. Ukiicheza vibaya utapata goti zuri la kuchapishwa kwenye kalenda, lisilomfaa mgonjwa kwa lolote.

Kabla ya kumlaza

Usalama naupitia haraka kwa kuwa umeshaapishwa nao: sumaku haizimwi usiku wala sikukuu; uliza betri ya moyo, klipu ya mshipa wa ubongo, kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, na kwa kila aliyewahi kuchomelea au kusaga vyuma uliza kama kipande kiliwahi kumwingia jichoni. Akisita, simama.

Nitakaa zaidi kwenye karatasi ya daktari, maana mara nyingi imeandikwa "maumivu ya goti" basi. Muulize mwenyewe. Linauma wapi, aonyeshe kwa kidole kimoja? Linauma zaidi anaposhuka ngazi? Hapo nafikiria pia ya goti na mfereji inamoteleza, na picha za aksiali (zinazokata mguu kwa mviringo) nitazitazama kwa makini zaidi. Linakwama ghafla kisha kuachia? Huenda kuna kipande kilichong'oka kinachotembea ndani. Aliwahi kupasuliwa? Skrubu hata moja hubadilisha mpango mzima.

Anayeonyesha sehemu moja tu inayouma, mimi humbandikia kidonge cha mafuta ya samaki juu yake kwa plasta, kiwe alama. Mara ya kwanza kufanya hivyo nilijisifu sana, kisha nikakitafuta kidonge kwenye picha zote nisikione. Nilikuwa nimezima mafuta, yaani nimeipanga mashine ifute ishara yake, kwenye kila mfuatano (seti moja ya picha), na kidonge ni mafuta. Kwa hiyo, ukikibandika, hakikisha unapiga angalau mfuatano mmoja ambao mafuta hayakuzimwa.

Kumlaza

Alale chali, miguu itangulie. Goti likunjike kidogo, nyuzi 10 hadi 15, na mguu uelekee nje kidogo kama unavyoelekea wenyewe mtu akilala. Usilinyooshe kwa nguvu. Goti lenye maji halitaki kunyooka, na mtu uliyemlazimisha atavumilia dakika tano kwa heshima yako, kisha dakika ya sita atajitikisa na kuharibu mfuatano uliokuwa umebakiza sekunde arobaini.

Koili ya goti, kile kifaa kinacholizunguka goti kupokea ishara, ina nafasi ya mguu wa wastani. Jaza sponji pande zote mpaka goti lisiwe na pa kwenda, halafu weka mfuko wa mchanga juu ya kifundo cha mguu, kwa sababu goti hutikiswa na unyayo kuliko linavyojitikisa lenyewe. Mtu mnene ambaye goti lake haliingii, tumia koili laini ya kuzungushia. Usimsukumie ile ngumu.

Jambo ambalo wengi hulipuuza: msogeze mgonjwa kando kitandani ili goti linalopigwa likaribie katikati ya shimo la mashine. Tumezoea kumlaza mtu katikati na goti likabaki pembeni. Uga wa sumaku ni sawia zaidi katikati, na kuzima mafuta kunategemea usawa huo. Kumwomba mtu asogee sentimita kumi ni kazi ya nusu dakika.

Viziba masikio, kengele mkononi, halafu namwambia dakika. "Mzee, ya kwanza ni dakika nne. Itapiga kelele, ikinyamaza unaweza kupumua kwa nguvu, lakini mguu bado ni wangu." Anayejua kelele itakwisha lini hutulia kuliko aliyeambiwa "usitikisike" tu.

Na mfuatano wa kwanza uwe ule usioweza kuukosa. Mashine nyingi nilizozikuta zimepangwa zianze na T1 (picha ambayo mafuta hung'aa), sijui kwa nini, labda kwa mazoea. Maumivu huongezeka kadiri mtu anavyolala. Dakika zake bora nizitumie kwa picha ya gegedu. T1 ije mwishoni, ikiharibika sitalia.

Pande tatu

Fikiria gogo. Aksiali ni kulikata vipande vya mviringo. Sajitali ni kulipasua mbao kwa urefu, ukilitazama kutoka ubavuni. Koronali ni kulipasua kwa urefu ukilitazama kutoka mbele. Goti linahitaji zote tatu kwa sababu gegedu limejipinda, na picha ni ya kuaminika pale tu msumeno unapolikata wima. Mahali msumeno unapopita mshazari, gegedu jembamba huonekana nene, na mpaka wake na mfupa huwa ukungu, kwa kuwa ndani ya kisanduku kimoja cha picha mashine imechanganya mfupa, gegedu na maji na kutoa wastani wake.

Basi ligawie kila eneo mkato wake. Nyuma ya pia ya goti na mfereji ambamo pia inateleza: aksiali. Sehemu ya nundu za mfupa wa paja inayobeba uzito, pamoja na uso wa muundi: koronali na sajitali. Nyuma ya nundu, kule kunakogusa goti likikunjwa sana: sajitali, na koronali za nyuma kwa kuthibitisha. Kwenye picha za aksiali chora mstari unaogusa migongo ya nundu zote mbili. Koronali zifuate mstari huo, sajitali zisimame wima juu yake. Aksiali zenyewe zianzie juu ya pia zishuke hadi chini ya mahali kano ya pia inaposhika muundi. Usikate juu kwa kubana muda: mfuko ulio juu ya pia ndipo vipande vilivyong'oka hupenda kujificha.

TE, namba inayonitesa

Mfuatano wangu mkuu ni PD (picha inayofuata wingi wa protoni) ya mwangwi wa spini wa haraka, mafuta yamezimwa, kwa pande zote tatu. TR, muda kati ya mpigo mmoja na unaofuata, milisekunde 3000 hadi 4000. TE, muda kutoka mpigo hadi mwangwi wa ishara kurudi, kati ya 30 na 45. Ukichukua neno moja tu kwenye andiko hili zima, liwe hilo la TE.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuta programu yenye TE 14. Picha zilikuwa zinang'aa, chenga hazikuwepo, nikazipenda. Daktari wetu wa radiolojia, mama mpole asiyepaza sauti, aliniita siku moja akaniwekea goti la kijana mmoja kwenye skrini. "Nionyeshe gegedu linaishia wapi na maji yanaanzia wapi." Nilinyoosha kidole, nikakirudisha. Vyote vilikuwa vyeupe. Akafungua goti la mtu mwingine lililopigwa kwa TE 38: gegedu la kijivu, maji meupe pe, na mpaka kama umechorwa kwa kalamu. Hakusema zaidi. Tulimwita yule kijana arudi, na kwenye picha za pili alikuwa na ufa ulioshuka hadi karibu na mfupa, umejaa maji, ambao siku ya kwanza ulikuwepo vilevile.

TE fupi huacha ishara ya gegedu juu sana, ikalingana na ya maji. TE ndefu mno, tuseme 80, hulizima gegedu likawa jeusi kama bamba la mfupa lililo chini yake. Maji utayaona, lakini hutajua gegedu limebaki kiasi gani. Kwenye 30 hadi 45 unapata yote mawili. Kuna faida nyingine ya kutoshuka chini ya 30, nitaifikia nikizungumzia picha za uongo.

Angalia pia msururu wa miangwi. Mwangwi wa haraka hukusanya miangwi kadhaa kwa mpigo mmoja, na kadiri msururu unavyorefuka ndivyo muda unavyopungua na picha inavyoingia ukungu, maana miangwi ya mwisho inapokelewa ishara ya gegedu ikiwa imekwisha kufifia. Mimi hukaa kati ya 5 na 8. Ukikuta 16 kwenye programu ya gegedu, mtu alikuwa na foleni ndefu siku ile.

Udogo wa kisanduku na bei yake

Eneo la picha sentimita 15, gridi 384 kwa 384: kisanduku kimoja kina upande wa milimita 0.39. Gegedu la pia lenye milimita 4 linapata visanduku kumi. Unaweza kusema kitu kuhusu tabaka lake la juu na la chini. Gegedu la kifundo cha mguu lenye milimita 1.2 linapata vitatu. Ukipanua eneo la picha hadi sentimita 30 ukaacha gridi ileile, kifundo kinabaki na kisanduku kimoja na nusu, na hapo yeyote anayeandika "gegedu liko sawa" anaandika kwa imani.

Kwa nini basi tusipige vidogo zaidi? Kwa sababu ishara inatoka kwenye ujazo wa kisanduku. Chukua kipande cha unene wa milimita 3 ukifanye 1.5: ishara inashuka nusu. Kuirudisha hakutoshi kurudia vipimo mara mbili, kwa kuwa chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha marudio tu. Inakubidi urudie mara nne. Mfuatano wa dakika nne unakuwa wa dakika kumi na sita, na hakuna goti linalouma litakalotulia dakika kumi na sita. Milimita 3 kwa unene, na 0.4 kwa upande, ndipo nilipotulia mimi kwenye Tesla 1.5 (Tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku). Kwenye Tesla 3 unapata ishara zaidi. Itumie kupunguza visanduku badala ya kukimbilia chai.

Zipo programu za pande tatu kwa mkupuo mmoja, zenye visanduku vya milimita 0.5 hadi 0.6 pande zote, ambazo unaweza kuzikata upya upande wowote baadaye. Ni nzuri kwa nyuso zilizojipinda. Ile iitwayo DESS imetumika sana kwenye utafiti. Mradi wa Marekani kuhusu kuchakaa kwa viungo uitwao Osteoarthritis Initiative, uliofuatilia watu 4,796 wa miaka 45 hadi 79, uliitumia kupima unene wa gegedu mwaka baada ya mwaka. Kwa kupima ujazo sina ubishi nazo. Kwa mgonjwa wa kila siku bado naziweka nyuma ya PD ya kawaida, kwa sababu hudumu muda mrefu kwa mkupuo mmoja. Mgonjwa akitikisika mara moja umepoteza pande zote tatu, na zile za familia ya DESS hazionyeshi vizuri uvimbe wa uboho.

Mahali pa kupeleka uchafu

Nyuma ya goti kuna ateri inayopiga. Kila pigo huacha vivuli vinavyojirudia kuelekea upande wa fezi, mmoja wa pande mbili ambazo mashine hutumia kuipanga picha (wa pili ni wa frikwensi). Ukiacha fezi ikimbie kutoka mbele kwenda nyuma, kama programu nyingi zilivyoachwa, vivuli vitapita katikati ya goti hadi kwenye pia, na utakuwa umechora madoa juu ya gegedu nene kuliko yote mwilini. Kwenye sajitali geuza fezi iwe juu kwenda chini, uongeze sampuli za ziada ili paja na muundi visijikunje juu ya picha. Kwenye aksiali iwe kushoto kwenda kulia. Ateri itaendelea kupiga, ila vivuli vyake vitaangukia mahali pasipo na kazi.

Ukishageuza fezi, frikwensi ndiyo inayobaki mbele na nyuma, nayo ina tabia yake. Protoni za mafuta hulia kwa sauti tofauti kidogo na za maji: tofauti ya hezi 220 hivi kwenye Tesla 1.5, na mara mbili yake kwenye Tesla 3. Mashine, isiyojua mafuta wala maji, hudhani tofauti hiyo ni ya mahali, ikayasogeza mafuta ya uboho kando. Piga hesabu: upana wa bendi, yaani masafa ambayo kila kisanduku hubeba, ukiwa hezi 110 kwa kisanduku, mafuta yanasogea visanduku viwili, karibu milimita 0.8. Kwenye Tesla 3 ni vinne, milimita 1.6. Kwa gegedu la milimita mbili hilo ni balaa: upande mmoja mfupa umelimeza, upande wa pili limenenepa bure. Mafuta yakizimwa tatizo halionekani. Kwenye ule mfuatano mmoja usiozimwa mafuta, panua bendi hadi 220 au zaidi, ukubali chenga kidogo.

Kuzima mafuta kwenyewe, kagua kabla ya kuendelea. Tazama mafuta ya chini ya ngozi mzunguko mzima: yawe meusi sawasawa. Mara nyingi mbele ya pia hubaki weupe, kwa sababu pale ngozi inakutana na hewa na uga unayumba. Weupe huo ukiingia ndani ya uboho, daktari anaweza kudhani ni uvimbe. Rekebisha uga upya kwa kisanduku kinacholibana goti, na urudie. Palipo na skrubu usibishane na njia hii; nenda STIR, ambayo haitegemei sauti ya mafuta bali muda wake wa kurudi (TI, yaani muda wa kusubiri, ya karibu milisekunde 160 kwenye Tesla 1.5), au Dixon, njia nyingine ya kutenganisha mafuta na maji, kama mashine yako inayo.

Picha za uongo

Hizi mbili zimewadanganya walionizidi.

Ya kwanza ni pembe ya ajabu. Kolajeni iliyonyooka ikikaa nyuzi 55 hivi na mwelekeo wa sumaku, 54.7 kwa wanaopenda usahihi, ile nguvu inayoua ishara haraka hupotea, na tishu nzima ikang'aa kama mgonjwa. Ndani ya gegedu, kwenye tabaka la chini, nyuzi za kolajeni husimama wima juu ya mfupa. Nundu ya paja ni ya mviringo. Kwa hiyo lazima kuwe na mahali, mbele na nyuma ya kilele chake, ambapo nyuzi zinapita kwenye pembe hiyo. Hapo gegedu zima huonekana jeupe kuliko jirani zake. Athari hii huonekana zaidi TE ikiwa fupi, na ndiyo ile faida niliyoahidi. Ukitilia shaka, tazama nundu ya pili: weupe ukiwa mahali palepale, kwa pembe ileile, uso ukiwa mzima na uboho ukiwa mtulivu, usimtafutie mtu ugonjwa.

Ya pili ni mistari. Utaona gegedu lina tabaka tatu safi, nyeusi, nyeupe, nyeusi, sambamba na uso, ukadhani umeona ile mipangilio ya nyuzi inayofundishwa darasani. Huenda ni kweli, huenda ni mashine imeshindwa kuchora mpaka mkali kwa visanduku vichache ikaacha mawimbi kandokando. Kupima ni rahisi: ongeza gridi. Mistari ikisogea au ikizidi kukaribiana, ilikuwa ya mashine. Tabaka za kweli hazihami.

Ninapoona shimo

Sisomi picha rasmi, lakini nikiona kitu mgonjwa akiwa bado kitandani, nina nafasi ambayo daktari hatakuwa nayo kesho. Kwanza nalitafuta shimo lilelile kwenye mkato wa pili. Likionekana kwa upande mmoja tu, silisadiki. Likithibitika natazama vitu ambavyo mpasuaji ataviuliza: limeshuka kiasi gani, chini ya nusu ya unene, zaidi ya nusu, au hadi mfupani, upana wake kwa milimita pande mbili, kingo zake zimesimama wima au zimelika taratibu, uboho chini yake ni mweupe au mtulivu. Daraja zinazotumika zaidi zina mizizi kwenye zile za mpasuaji Outerbridge za mwaka 1961, ambazo alizitunga kwa ajili ya pia ya goti akiiona kwa macho wakati wa upasuaji. Tumezirekebisha kwa picha, ndiyo maana daraja la 1, lile la gegedu lililolainika tu, hutusumbua: yeye aliligusa, sisi tunalitazama.

Shimo lenye kingo wima ni kama kigae kilichobanduka, na kigae hakipotei. Kitafute juu ya pia, nyuma ya goti, chini ya menisko. Na kuna uharibifu mmoja wa hila: uso wa gegedu ni mzima kabisa, lakini chini yake pana mstari mweupe mwembamba kati yake na mfupa. Limebanduka kwa chini. Anayeingiza kamera ndani ya goti anaweza kulipita akiona uso laini. Nikiuona mstari huo hupiga sajitali nyingine ya vipande vya milimita 2 pale tu, hata kama foleni inanisonya.

Dawa ya gadolinium (ya kung'arisha picha) kwenye mshipa haihitajiki kwa gegedu la kawaida. Nyonga na kifundo cha mguu ni habari nyingine, kwa sababu huko magegedu mawili membamba yamegandamana hujui lipi ni lipi. Huko daktari huweza kuingiza dawa iliyozimuliwa ndani ya kiungo chenyewe, ikayatenganisha.

Kuhusu ramani za T2, zile picha za rangi nyekundu na buluu: zinapima T2 yenyewe kwa kila kisanduku, zikitafuta gegedu lililoanza kulegea kabla halijatoboka. Ukiombwa, mpumzishe mgonjwa nusu saa bila kusimama, kwa sababu gegedu lililotoka kubeba mzigo limekamuliwa maji na thamani zake zitakuwa chini. Kama ni kufuatilia, apigwe saa ileile ya siku, kwenye mashine ileile. Piga miangwi kadhaa kuanzia karibu milisekunde 10 hadi 80, na kwenye hesabu uutupe mwangwi wa kwanza, hauaminiki. Halafu kumbuka pembe ya ajabu, maana kwenye ramani hizi itang'aa nyekundu na mtu atashtuka. Kwa mgonjwa ambaye swali lake ni "kwa nini goti linakwama", sipotezi dakika zake kwa rangi.

Kabla hajashuka

Usimfungue mguu mpaka uwe umepitisha picha zote mwenyewe, taratibu, kama wewe ndiye utakayezisoma. Mimi huanza na aksiali: je, gegedu la pia linaonekana limeachana na la mfereji, mstari mweupe wa maji ukiwa katikati? Halafu mafuta ya chini ya ngozi, meusi pande zote? Sajitali: mpaka wa mfupa kwenye nundu ni mkali au umekuwa maradufu? Ukiwa maradufu, alitikisika. Rudia huo mmoja tu, na umwambie kwa nini. Picha ya juu kabisa: mfuko wa juu ya pia umo? Kama daktari wa radiolojia yuko jirani na umeona jambo linalokutatiza, mpigie simu sasa. Kisha ondoa mchanga, ondoa sponji, umshike mkono anapoketi, kwa maana goti lililokaa nusu saa limekunjwa huwa halimsikilizi mwenyewe kwa hatua mbili tatu za mwanzo.